Mombasa hadi Amu bila kupitia Nairobi

Ukiwa Mombasa na unataka kwenda Lamu kwa ndege, mara nyingi utaambiwa uende Nairobi kwanza. Juma lililopita nilitafuta tena, nikapata jibu lile lile: panda uwanja wa Moi pale Port Reitz, shuka uwanja wa Jomo Kenyatta kule Embakasi, vuka jiji kwa teksi hadi uwanja wa Wilson, keti ungoje, halafu panda ndege ya pili ikurudishe Pwani. Ukiipima safari hiyo angani, kwenda Nairobi ni kilomita 420 na ushei, na kutoka Wilson hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, ni kama 467. Jumla yakaribia 890. Kutoka uwanja wa Moi hadi uwanja wa Manda, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 246.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mamangu ni mtu wa Amu, jina tunaloiitia Lamu sisi wenyewe. Hesabu hii huiandika ubaoni kila tunapofika mada ya latitudo na longitudo katika kidato cha nne, na kila nikiiandika yaniuma. Watu wa mwambao mmoja, lugha moja, waliooana tangu enzi za mababu, wanatembeleana kwa kupitia bara. Msimu mwingine hutokea ndege ya moja kwa moja, tukafurahi. Msimu ukipita ratiba hubadilika, na sisi hurudi kuulizana barazani: je, siku hizi iko ndege ya Amu?

Nianze na hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya niipende njia hii.

Chukua viwanja viwili vidogo vya kaskazini, Malindi na Manda. Malindi uko nyuzi 3 na dakika 14 kusini mwa ikweta, nyuzi 40 na dakika 6 mashariki. Manda uko nyuzi 2 na dakika 15 kusini, nyuzi 40 na dakika 55 mashariki. Ukitoa, unabaki na dakika 59 za latitudo na dakika 49 za longitudo. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Longitudo ndiyo yenye taabu, kwa sababu mistari yake hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha za dunia. Mwanafunzi wa London lazima azidishe kwa kosaini kabla hajapata jibu la maana. Sisi tuko jirani na ikweta. Kosaini ya nyuzi 3 ni 0.9986, tofauti ndogo kuliko unene wa mstari wa penseli kwenye ramani ya darasani. Kwetu dunia ni kama bapa, na kanuni ya Pythagoras yatosha: 59 mara 59, 49 mara 49, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni maili 76.7 za baharini, kilomita 142 hivi. Ukiingiza na sekunde za viwanja vyenyewe, inashuka hadi 141.

Sasa fanya vivyo hivyo kutoka Mombasa hadi Malindi. Tofauti ni dakika 48 na dakika 30, na umbali ni maili 56.6, kilomita 105. Kisha Mombasa hadi Manda moja kwa moja, bila kutua popote: dakika 107 na dakika 79, maili 133.0. Jumlisha zile safari mbili fupi uone. Ni maili 133.3.

Nawaomba wasomaji wasiipite haraka hesabu hiyo. Ndege inayotoka Mombasa kwenda Lamu ikiamua kutua Malindi njiani, inaongeza chini kidogo ya theluthi moja ya maili ya baharini. Ni kama mita 550, chini ya urefu wa Barabara ya Digo. Ukianzia kusini zaidi, Ukunda, mambo ni hayo hayo: Ukunda hadi Manda ni kilomita 270 kwa mstari ulionyooka, na ukipitia Malindi ni 272. Viwanja vyote vinne vya mwambao wetu vimejipanga karibu katika mstari mmoja, kwa sababu mwambao wenyewe umenyooka kuelekea kaskazini-mashariki, kati ya nyuzi 32 na 40 za dira kuanzia Mombasa. Hata barabara kubwa ya kurukia ndege ya Mombasa inaitwa 03, maana yake imeelekea nyuzi 30 au karibu na hapo. Ndege ikiruka kwa upande huo, pua yake tayari inatazama Malindi. Sijui njia nyingine ya ndani ya Kenya ambayo jiografia imeirahisisha namna hii.

Ziko tovuti za kukokotoa umbali baina ya viwanja, na kwa umbali wenyewe hazikosei. Zikosapo ni muda. Nyingi huchukulia kwamba kila ndege yaenda kilomita 800 kwa saa au zaidi kama jeti, kisha zinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Ndege zinazotumika sana kwenye viwanja vidogo vya aina hii ni kama Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria 12 au 13, inayokwenda noti 160 hivi, takriban kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo Malindi hadi Manda ni dakika 29 angani, na Mombasa hadi Malindi ni dakika 21. Hapo bado hujahesabu kutembea uwanjani na kupanda hadi mwinuko wa safari.

Kuhusu mwinuko, kuna kanuni ya nusu duara ambayo marubani wote huifuata. Wanaoelekea upande wa mashariki wa dira, wakiruka kwa kuona kwa macho, huchukua futi elfu za witiri na kuongeza 500, kama 5,500 au 7,500. Wanaoelekea magharibi huchukua za shufwa, 6,500 au 8,500. Basi ndege ya kwenda Amu na ile ya kurudi hupishana zikiwa na futi 1,000 kati yao, na zote mbili ziko chini ya kutosha kwa abiria kutambua mashua na tanga lake.

Na hilo ndilo jambo ninalotamani kila mtoto wa Pwani alione mara moja maishani.

Ukitoka Mombasa, mstari unapita bara kidogo nyuma ya Mtwapa, halafu unaingia juu ya Kilifi barabara. Mkono wa bahari uko chini yako na daraja lililofunguliwa 1991 limeuvuka. Wazee wetu walivuka hapo kwa feri kwa miaka mingi, na wakati mwingine foleni ya magari ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Baada ya Kilifi unaishika pwani. Kushoto kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita mraba 400 za miti, mabaki makubwa ya msitu wa asili uliowahi kufunika mwambao huu wote. Katika ukingo wake umejificha Gedi, mji wa mawe ulioachwa, na kutoka angani hutauona ila ujue pa kutazama. Kisha Mida, yenye mikoko yake na maji yanayobadilika rangi kulingana na kujaa na kupwa. Kisha Watamu, na Malindi yenyewe.

Ukiondoka Malindi mambo yanageuka, na hapa ramani ya shuleni haisaidii sana. Wengi wanadhani ndege inafuata nchi kavu. La. Mto Sabaki unapita chini yako kwenye mdomo wake, ukimwaga tope jekundu baharini hadi mbali, na muda mfupi baada ya Mambrui mstari unaiacha ardhi kabisa. Pwani inajikunja kuelekea kushoto na kufanya Ghuba ya Ungwana, nawe unaikata ghuba kwa juu. Mahali pengine nchi kavu iko karibu kilomita 20 kutoka kwenye mstari. Kwa hiyo atakaye kuona, aombe dirisha la kushoto akienda na la kulia akirudi.

Kutoka dirisha hilo utaona mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, meupe na ya waridi, yamekatwa vipande vipande. Utaona rasi ya Ngomeni, na mbele yake baharini ile mitambo ya Waitaliano ya San Marco. Pale ndipo satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu, na ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Nikiwaambia wanafunzi kwamba satelaiti hiyo iliruka kutoka Ngomeni, hawaamini mpaka niwaonyeshe kitabu.

Halafu delta ya Tana. Mto mrefu kuliko yote nchini, kama kilomita 1,000 tangu vilima vya kati, unapofika hapa unasahau njia na kugawanyika kuwa mito, maziwa, mabwawa ya mpunga na malisho. Tangu 2012 eneo hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kutoka juu ni kijani cha kila namna, na Kipini kwenye mdomo wake. Nyuma ya Kipini kuna Witu na misitu yake, na mbele zaidi kidogo, siku ya anga safi, Ziwa Kenyatta la Mpeketoni linamulika jua. Baadaye mchanga wa Shela unakuja mbele ya pua ya ndege, vilima vyeupe kwa mfululizo, na ndege inashuka juu ya kisiwa cha Lamu, inavuka mkondo, inatua Manda. Kutoka uwanjani hadi gatini ni kutembea kidogo tu. Boti inakuchukua kuvuka, na ukikanyaga ngazi za gati la Amu punda wako pale wanangoja mizigo.

Nimetaja kwamba mstari uko baharini kwa kilomita nyingi, na huenda msomaji akajiuliza kuhusu ndege ya injini moja. Mwinuko ndio kinga. Ndege kama Caravan ikizima injini kwenye futi 7,500 inaweza kuteleza hewani takriban kilomita 20 wakati hakuna upepo, na rubani anayeona inafaa hujivuta upande wa ufuo. Njia halisi basi huwa na tumbo kidogo kuelekea nchi kavu, na ile 141 inaongezeka kwa kilomita chache.

Upepo pia una neno lake, na hapa namkumbuka babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliyekuwa baharia wa majahazi ya boriti. Walipakia mikoko ya Amu wakashuka nayo Mombasa wakati wa kaskazi, na kusi ikishika wakarudi. Mstari baina ya Mombasa na Amu umelala karibu sambamba na pepo hizo mbili. Ndio maana chombo cha tanga moja kiliweza kuufanya mwambao wote huu kuwa mtaa. Ibn Battuta alipokuja kutoka Mogadishu mwaka 1331 akalala Mombasa usiku mmoja na kuendelea hadi Kilwa, alipita mbele ya visiwa hivi. Vasco da Gama, Aprili 1498, alipofukuzana na watu wa Mombasa, alikwenda Malindi, akapata huko mwelekezi wa kumvusha hadi Calicut. Wote walikuwa kwenye mstari ule ule ninaouchora ubaoni.

Ndege nayo haijaepukana na pepo hizo. Kusi ikivuma kwa noti 15 mgongoni mwako, Malindi hadi Manda ni dakika 26. Ukirudi siku ile ile unakutana nayo usoni na inakuwa dakika 32. Kaskazi ikija, mambo yanageuka kinyume. Babu yangu, kusi ikimkabili, angelazimika kupiga mbisho siku nzima, au kukaa Amu angoje msimu. Rubani anapoteza dakika sita na mafuta kidogo.

Barabara haina bahati hiyo. Kutoka Malindi haiwezi kuikata ghuba, na haiwezi kupita kwenye delta ilipo pana. Inabidi ipande juu hadi Garsen, ivuke Tana, kisha irudi chini kupitia Gamba na Witu hadi Mokowe, ambako unaingia tena kwenye boti. Ni zaidi ya kilomita 200 badala ya 141. Lami imewekwa miaka ya hivi karibuni na nawashukuru waliosimamia, maana nakumbuka vumbi na matope ya zamani. Lakini baada ya mashambulizi ya 2014 huko Mpeketoni, mabasi yalilazimika kusafiri kwa msafara wa ulinzi, na safari ikawa na saa zake za kuruhusiwa. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipofurika, maji yaliikata barabara upande wa Gamba, na Lamu ikabaki bila njia ya gari. Siku kama hizo ndizo zinazonifanya niseme kwamba kisiwa hakihitaji barabara peke yake.

Mama mkubwa, dada wa mamangu, alifariki Amu asubuhi moja baada ya alfajiri. Binamu yangu alipiga simu akamwambia mamangu, "Mama, maiti hangoji. Twamzika baada ya laasiri." Alisema kwa upole, na alisema kweli. Kwetu maiti husitiriwa mapema iwezekanavyo, na hakuna mtu mwenye haki ya kumcheleweshea mwenzake kaburi kwa sababu ya ratiba. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshaondoka Mombasa. Gari la kukodi lisingewahi msafara. Ndege tuliyoipata ilikuwa ya kupitia Nairobi, na ingetua Manda jioni, kaburi limeshafukiwa, kwa nauli ambayo nyumba nzima tungeichanga. Mamangu alikaa Mombasa akapokea mikono ya rambirambi sebuleni, akiwa umbali wa dakika 50 za angani kutoka kwa dada yake. Tulikwenda kwa basi, tukawahi hitima.

Nimesimulia hayo si kwa kuwa sisi ni wa pekee. Uliza nyumba yoyote ya Mji wa Kale, ya Kuze, ya Kibokoni, ya Majengo, yenye watu Amu au Pate au Faza. Kila nyumba ina mtu ambaye hakuzika mtu wake. Na wako wagonjwa wanaoandikiwa kuja Hospitali Kuu ya Pwani, ambao hawawezi kukaa kwenye kiti cha basi kwa muda wa saa nane, wala kupandishwa na kushushwa ndege mbili. Wako wanafunzi wa vyuo. Wako wanaouza kamba na samaki wa barafu, bidhaa ambayo kila saa ya njiani inaipunguzia thamani.

Nimewasikiza pia wanaosema njia hii haina faida, na hoja zao si za kupuuza. Ndege ndogo inatumia mafuta mengi zaidi inapopanda, na safari fupi ni kupanda na kushuka tu, haina katikati. Ada ya kutua na ya abiria inatozwa kila mguso. Ndege nyingi za aina hii na mafundi wake makao yao ni Wilson, kwa hivyo kuiweka moja Mombasa ilale hapa ni gharama. Na watalii, ambao ndio wanaolipa nauli kamili, wengi hutua Nairobi na kutaka kwenda Lamu kutoka huko. Mwenye kampuni akikaa na kalamu ataweka ndege yake Nairobi, na simlaumu.

Ila hoja hizo zinamhesabu abiria mmoja tu, yule wa Mombasa hadi Lamu. Ndiyo sababu nimesisitiza zile mita 550. Ndege inayotua Malindi haijapotoka njia. Inauza viti vya Mombasa–Malindi, vya Malindi–Lamu na vya Mombasa–Lamu kwa mafuta yanayokaribia kuwa yale yale, ukiacha yale ya kupanda mara ya pili. Viti 12 si vingi. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, kuna wafanyakazi na mawakala wa meli wanaokwenda na kurudi, na Halmashauri ya Bandari inayoiendesha ina makao yake makuu Mombasa. Kuna maofisa wa kaunti, walimu, wafanyabiashara, wahandisi. Kuna Maulidi ya Amu, ambapo hata viti 50 kwa siku havingetosha. Na kuna watalii wa Diani na Watamu ambao wangependa sana kuiona Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kama wasingelazimika kupoteza siku nzima kupitia Nairobi.

Ninachokitaka ni kidogo na naweza kukiandika kwa saa. Ndege iondoke uwanja wa Moi saa moja asubuhi. Itue Malindi saa moja na nusu, ikae robo saa, iruke, itue Manda saa mbili na dakika 20. Iondoke Manda saa tatu kasorobo, ipitie Malindi, iwe imerudi Mombasa saa nne na dakika kumi. Mgonjwa aliyetoka Amu na ndege hiyo anaonana na daktari kabla ya adhuhuri. Saa tisa alasiri iende tena, irudi kabla ya magharibi. Kwa kuanzia si lazima iwe kila siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zatosha, na Ijumaa ya asubuhi ifike mapema watu wawahi sala Amu.

Hapo ndipo naona kazi ya Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Kaunti sita zimeketi pamoja tayari. Mombasa, Kilifi na Lamu zinaweza kukubaliana kununua idadi fulani ya viti kila safari kwa mwaka mmoja, kwa ajili ya wagonjwa wa rufaa na maofisa wao ambao hata sasa wanasafiri na kulipiwa, ili kampuni itakayojitolea isianze na ndege tupu. Ada za kutua Malindi na Manda zinaweza kupunguzwa kwa muda huo na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Watakaopinga waje na hesabu zao, nami nitazisoma zote.

Kwa sasa, anayetaka kwenda, afanye hivi. Apige simu kwa wakala wa Mombasa au Malindi badala ya kutegemea kutafuta mtandaoni peke yake, kwa sababu ndege za kukodi na viti vilivyobaki mara nyingi havionyeshwi mtandaoni. Aulize kama ndege ya Lamu inatua Malindi, maana kwa matatu kutoka Mombasa ataifikia mapema. Apakie begi laini, si sanduku gumu, na lisizidi kilo 15, ambacho ndicho kipimo cha kawaida kwenye ndege ndogo. Na akate tiketi ya kurudi hapo hapo, kwani viti vya kutoka Manda siku za mwisho wa likizo huisha mwanzo.